Wiki 120 tu

Kabla ya kuingia feri ya Likoni, Mombasa, asubuhi nikienda chuoni, nilikuwa nikinunua mahamri mawili kwa mama mmoja pale njiani. Kila baada ya siku chache aliniuliza swali lilelile: "Mwanangu, wamaliza lini?" Nami jibu langu halikubadilika: "Bado sana, mama." Nilimjibu hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Siku moja akaniuliza, "Ushapata kazi?" Mahamri yalinikwama kooni.

Usiku ule nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. Shahada ya miaka 4 ni semista 8. Semista yetu ilikuwa na wiki 15, kwa hivyo jumla ni wiki 120. Wiki mbili za mwisho wa kila semista zilikuwa za mitihani. Ziondoe, zabaki 104. Hiyo ni miaka miwili. Mtu anaaga nyumbani akijiona ana miaka minne, kumbe darasani ana miwili, na hapo sijatoa zile wiki za mwanzo ambazo mhadhiri hajaonekana na wewe pia hujaonekana.

Miaka minne ni wiki 208. Ukitoa zile 120 za semista, wiki nyingine 88 zilikwenda wapi? Likizo. Zangu nyingi niliziacha maskani, tukibishana mpira na watu ambao leo hata nambari zao za simu sina.

Likizo ndiyo nataka tuizungumze, kwa sababu huko ndiko wengi tunapotea. Mwaka wa tatu nilianza kutafuta nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mwezi wa nne, ilhali nilitakiwa kuripoti mwezi wa tano. Nilizunguka ofisi za bandarini Kilindini mpaka viatu vikaomba msamaha. Kila mlango naambiwa nafasi zimejaa. Mwishowe nilipokelewa katika ofisi moja ambako kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kutoa kopi na kuagizwa chai. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alianza kuzunguka Januari, barua ya chuo na karatasi ya bima mkononi. Akaingia kwa watu wa kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, akajifunza kazi hiyo kutoka hati ya kwanza hadi lori linapopita geti. Mimi na yeye alama zetu zilikaribiana sana. Alipomaliza chuo, walewale walimpigia simu.

Kwa hivyo barua iombe mapema. Na usingoje mwaka wa tatu: likizo ya mwaka wa kwanza nenda ukaombe hata kukaa wiki mbili tu uone kazi inavyofanywa. Utakataliwa mara nyingi. Mwaka wa kwanza kukataliwa hakuna gharama.

La pili ni makaratasi. Nilipokuwa karibu kuhitimu, alama za somo moja la mwaka wa pili hazikuonekana popote. Mhadhiri alishahama, na mimi karatasi ya jaribio nilishaitupa zamani. Nilipanda na kushuka ngazi za ofisi wiki nzima nikithibitisha kuwa nilisoma nilichosoma. Kila karatasi ukirudishiwa, ipige picha, hata kama alama zake zinatia aibu.

Na pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ah! Zikiingia, wiki hiyo kila mtu ni tajiri. Viatu soko la Kongowea, pilau kila siku. Ule ni mkopo, ndugu yangu. Mwaka mmoja baada ya kumaliza unatarajiwa kuanza kulipa, na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, uwe umepata kazi au bado wabisha hodi.

Sisemi ujifungie na vitabu. Zile Ijumaa jioni za ufukweni Mama Ngina, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, upepo wa bahari na porojo zisizo na mwisho, sijutii hata moja. Ninachojutia ni zile siku ambazo sikusoma wala sikustarehe. Nililala tu chumbani na simu usoni. Kuna wenzetu wa bara waliosoma hapa miaka 4 wakarudi kwao hawajaingia Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593. Niliwacheka, kisha nikakumbuka kuwa mimi mzaliwa wa Likoni nimeingia mara moja tu, tena kwa kupelekwa na shule ya msingi.

Sasa mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili. Juzi nilimwekea kalamu na karatasi mezani, nikamwambia ahesabu wiki alizobakisha. Alihesabu kimya, akarudia tena.

"Kaka, wanitisha," akasema. Kisha akaisogeza ile karatasi kwangu: "Hebu nionyeshe hiyo barua ya atachimenti yaandikwa vipi."