Kula samaki wasiozoeleka: niliyojifunza jikoni Malindi

Ndugu uliyeuliza kama kula samaki wasiozoeleka kunapunguza kweli upotevu wa uvuvi, au ni kuiongezea bahari mzigo tu, nakujibu kutokana na kazi yangu ya kupika na kuuza samaki hapa Malindi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba takribani tani milioni 9 za samaki hutupwa baharini kila mwaka, na karibu nusu yake hutokana na nyavu za kukokotwa chini. Sisi tunaujua upotevu huo kwa meli za kuvua kamba (uduvi wakubwa) za Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, zilizosimamishwa mwaka 2006 na kurudishwa mwaka 2011 kwa masharti. Mvuvi wa dau hatupi kitu kwa urahisi. Hasara yake huanza pwani, pale changu na tasi wanapogombewa huku hongwe (kambare wa baharini) na kikande wakibaki kwenye fungu hadi jua liwaharibu.

Watu huwakataa zaidi kwa sababu ya usafishaji kuliko ladha. Hongwe ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ambayo hukatwa kwanza kwa koleo, kisha ute wake husuguliwa kwa chumvi na ndimu. Kikande huchunwa ngozi yote, maana ni ngumu mno, na ndani yake mna nyama nyeupe iliyoshikana ambayo haivurugiki katika mchuzi wa nazi na ukwaju. Tasi naye ana miiba ya sumu, na sijaona mteja aliyemkataa kwa hilo. Mimi humpa mteja kionjo bila malipo na kumtajia jina la samaki waziwazi, kwa sababu akigundua amedanganywa harudi tena.

Hata hivyo, usinunue kila kinacholetwa. Samaki wachanga hawafai kutafutiwa soko, kwa kuwa soko hilo litawafanya wavuliwe kwa makusudi. Puju na kangaja hula mwani unaosonga matumbawe, hivyo sipendi kuhimiza watu wawale. Bunju ni sumu, asiguswe kabisa.

Ukitaka kuanza, fika mapema madau yanapoingia, kwani samaki wa fungu hawawekewi barafu kama changu, na wa mchana si yule wa asubuhi.