Lenzi ya zamani ni mbovu au ndo ilivyo?

SWALI: Habari mhariri, babu kaniachia kamera ya Zenit na lenzi yake Helios 44-2, sasa nikipiga filamu nyeusi na nyeupe picha zinatoka laini flani halafu nyuma ya mtu kama kunazunguka, mshkaji wangu anasema lenzi imekufa, kweli?

JIBU: Imekufa wapi! Helios ndo zake, Wasovieti waliichora kwa kufuata Biotar 58mm f/2, lenzi ya Zeiss, kampuni ya Kijerumani, na ukifungua tundu lake la mwanga lote, yaani f/2, huku nyuma kuna majani yanayopitisha mwanga, pembeni kunazunguka hasa, ukilibana hadi f/5.6 basi kunatulia.

Ulaini unatokana zaidi na kotingi ya kizamani (ule utando mwembamba juu ya vioo wa kupunguza mwanga unaorudi), mwanga unagongana ndani ya vioo unamwagikia vivulini, weusi unageuka kijivu, kwa uso wa mtu mi napenda kuliko lenzi mpya. Ukiona imezidi weka hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi), au printi kwenye karatasi ya kontrasti kubwa, inayotenganisha zaidi weusi na weupe.

Ila chungulia ndani kwa tochi kwanza, kama kuna fangasi hapo mshkaji wako ana hoja.