Anayekula mbao za dau

Kaka ulouliza kwanini ubao wa dau hapo Bagamoyo nje una vitundu kama vya pini halafu ndani umeliwa wote, anayeutoboa anaitwa shipworm kwa Kiingereza, si mnyoo bana, ni jamii ya chaza, anaingia akiwa kichanga hata humuoni ndo anakulia humohumo. Gamba lake liko kichwani tu, vipande viwili vya kusagia mbao, na bakteria walio kwenye matamvua yake ndo wanamtengenezea vimeng'enya vya kuyeyushia ule unga. Njia yake anaipaka chokaa, kwenye kitundu anatoa mirija miwili ya kupitishia maji, akishtuka anaivuta na kuziba mlango. Kupaka rangi wakati keshaingia ni kazi bure, pandisha chombo kikauke kabisa, kichome chini kwa makuti, halafu kipake deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa.