Usisubiri mboga ikomae: ninavyovuna bustani ya nyumbani hapa Dodoma

Jamani naomba niliseme hili mapema kabisa, bustani nyingi za nyumbani hapa Dodoma haziharibiki kwenye kupanda, zinaharibika kwenye kuvuna. Mtu ameandaa matuta vizuri, samadi ameweka, mvua ya Desemba imempiga tafu, mboga imestawi mpaka majirani wanauliza, alafu anaiangalia tu. Anasema ngoja ikue kidogo. Na sisi mvua yetu ni msimu mmoja tu, ikifika Aprili ndo inaaga, sasa ukichelewa kuvuna Januari na Februari ujue huo muda haurudi mpaka mwakani, labda uwe na maji ya kumwagilia, na maji wote tunajua yalivyo.

Mfano mzuri ni bamia. Bamia likishatoa ua, siku nne mpaka sita tu linakuwa tayari kuliwa, kwa joto la huku usilipe nafasi zaidi ya hapo. Mimi napita kila baada ya siku moja na kisu kidogo, nachukua yenye urefu wa kidole, ukitaka uhakika vunja ile ncha yake, ikikatika kwa mlio bado ni laini, ikipinda bila kukatika hiyo imeshakuwa kamba. Na hiyo iliyokomaa usiiache pale juu hata kama huli! Ikate uitupe au uwape mbuzi, maana mmea ukishaona una mbegu zinakomaa unapunguza kutoa maua, kazi yake imeshaisha. Ukichuma chuma hivi mmea unaendelea kuzaa kwa wiki nyingi. Vaa shati la mikono mirefu pia, yale manyoya ya bamia yanawasha kwelikweli.

Mchicha watu wanang'oa na mizizi, sawa kama umepanda mwingi unapunguzia, lakini kama kitalu chako ni kidogo kata juu uache shina kama sentimita kumi hadi kumi na tano hivi, lina vijicho vya pembeni vinachipua tena na utakula mara kadhaa kwenye mche uleule. Ukiona umeanza kutoa mashuke basi majani yanakuwa magumu, hapo ng'oa panda mwingine. Matembele chuma zile ncha tu. Majani ya maboga chukua machanga ya mbele lakini usimalize ncha zote, kama unataka na maboga yenyewe acha mitambaa miwili mitatu iende zake. Na kunde vilevile, kama unategemea na punje basi uchume majani kwa kiasi, mmea hauna majani utajaza nini kwenye maganda?

Ngogwe (nyanya chungu) chuma zikiwa bado nyeupe au kijani na zinang'aa, zikianza kuwa nyekundu uchungu unazidi na mbegu zinakuwa ngumu. Bilinganya ni hivyohivyo, ngozi ikipoteza mng'ao umechelewa.

Kwenye nyanya nawaomba sana mnielewe. Sio lazima iivie mtini. Huku kwetu Februari mara nyingi jua linakaa wiki nzima au zaidi bila mvua, alafu inashuka mvua kubwa ya ghafla, nyanya iliyoiva inanyonya maji inapasuka, kesho yake wadudu na ndege wameshafika. Sasa wewe ukiona imeanza tu kupiga wekundu kwa chini, ichume, iweke ndani kwenye kivuli itamalizia yenyewe na ladha haipungui cha maana. Friji usiweke kabla haijaiva, inakuwa kama maji.

Muda wa kuchuma ni asubuhi, kabla jua halijapanda. Mboga ya saa saba mchana imeshapoteza maji, unaifikisha jikoni imenyauka. Na kama ulipiga dawa soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzifuate, hasa kama kuna watoto nyumbani, hii mimi sina mzaha nayo.

Mboga zikizidi (na Machi zitazidi tu) usizigawe zote, kausha. Bibi zetu wa Kigogo hii kazi wanaijua, mlenda unakaushwa unatwangwa unakuwa unga, mwezi wa kumi huko kila kitu kimekauka wewe unakoroga na karanga unakula na ugali wa uwele au mtama. Majani ya kunde mimi nayaosha, nayachovya kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, nayachuja alafu nayatandaza kwenye chekeche kivulini penye upepo. Kivulini ndo siri, jua kali likipiga moja kwa moja linaua vitamini A na rangi inakuwa kama majani makavu ya barabarani. Yakivunjika ukiyaminya yameshakauka, weka kwenye chombo chenye mfuniko, unyevu usiingie.

Cha mwisho, mbegu. Chagua mche wa bamia uliozaa vizuri kuliko wote, mvua zikikaribia kuisha ndo uache maganda mawili matatu yakaukie hapohapo mpaka yawe ya kahawia, toa mbegu changanya na majivu kidogo utunze. Ila nyanya kama ulinunua mbegu chotara usihangaike kutunza mbegu zake, zitakazoota hazitafanana na mama yao, nunua mpya tu.