Makaa ya vifuu yatasafisha kisima changu?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Nyumba yetu ina kisima uani, na shimo la choo la jirani liko nyuma ya ukuta tu. Kijana wangu anayesomea ufamasia anasema antibiotiki tunazomeza huishia kisimani. Mama mkwe anataka nitie makaa ya vifuu vya nazi mtungini, ati yatazinasa. Ni kweli?
Mama wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Kijana amesema kweli. Mwili hautumii dawa yote. Nyingine hutoka na mkojo ingali na nguvu zake, na kuchemsha maji huua vijidudu lakini si lazima kuiondoe dawa. Kiasi unachokunywa ni kidogo mno. Ninachohofia mimi ni vijidudu vya shimoni na udongoni: vinaionja dawa kila siku hadi vinaizoea, kisha mtoto anaugua na dawa haimsaidii.

Mama mkwe naye ana hoja. Vifuu hutoa makaa bora kabisa ya kuchujia maji, ila makaa ya jikoni si hayo. Kiwandani hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, ukayatoboa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu huweza kuwa na uso wa ndani wa mita za mraba 1,000, na dawa hunata humo. Tetrasaiklini, mojawapo ya antibiotiki, hunata vizuri. Salfamethoksazoli, ile iliyomo kwenye septrin, ni kaidi na huponyoka mapema. Makaa yako ya jiko yatanasa kidogo sana.

Kwa hiyo usiyatumbukize mtungini. Nunua chujio la makaa hayo ya kiwandani, maji yapite polepole, na yachujwe tope kwanza, maana uchafu huziba vitundu kabla dawa haijafika. Ukishachuja, chemsha, kwa kuwa vijidudu huzaliana ndani ya makaa. Badilisha makaa kwa muda ulioandikwa, kwani yakijaa hayakupi ishara yoyote. Chumvi hayaitoi, wala naitreti, kemikali itokayo chooni, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayenyonya chupa.

Ningekuwa wewe, maji ya kunywa ningeteka mferejini, yale yatokayo visima vya Shela kwenye vilima vya mchanga, nikayachemsha. Cha uani ningekiachia kufulia. Na dawa zilizobaki nyumbani usizimwage chooni. Mwambie kijana aulize duka la dawa kama watazipokea.