Kabla hujatia saini fomu ya utafiti wa dawa za mikono kutetemeka

Ukija kutoa pesa kibandani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, cha kwanza utakachoona ni vidole. Nikihesabu noti za elfu kumi zinapiga kelele kama zimewekwa mbele ya feni. Akina mama wa dagaa wa Mwaloni wamenizoea, wananiambia, "Mzee wangu, hesabu taratibu, hatukimbizwi." Wageni ndio wanaoninusa kutafuta harufu ya gongo. Na kinachochekesha ni kwamba bia moja kweli huituliza mikono yangu kwa muda mfupi, kisha mtetemo unarudi na hasira zake. Kwa hiyo siku wanayodhani nimelewa ndiyo siku sijagusa kitu.

Marehemu mama alikuwa hivi hivi. Chai tulimmiminia nusu kikombe. Mdogo wangu anayeishi Marekani naye anayo, maana ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Miaka mingi niliambiwa ni presha, ni mawazo, ni mkono wa mtu. Hadi daktari wa mishipa ya fahamu aliponipa kalamu nichore mstari wa kujizungusha kama nyumba ya konokono. Wangu ulitoka na meno kama msumeno. Akaniambia niweke mikono mapajani, ikatulia. Akasema Parkinson kwa kawaida hutetemesha mkono uliopumzika, wangu huamka ukishika kazi. Kwenye kadi akaandika herufi mbili: ET, kifupi cha "essential tremor", jina la kitabibu la mtetemo huu.

Akanianzishia propranololi, ambayo kwa asili ni dawa ya moyo na presha, na mwenye pumu hapewi. Nyingine ya zamani ni primidoni, dawa ya kifafa. Yaani dawa kuu za ET ni za kuazima kutoka magonjwa mengine, na wengine haziwasaidii kabisa au zinawachosha. Ndiyo maana ukisikia kuna dawa mpya inajaribiwa, moyo unaruka.

Wangu uliruka hadi kwa tapeli. Mtu alinipigia akasema kuna utafiti mkubwa kutoka Ulaya, nafasi zinaisha, nitume shilingi 80,000 za kufungua faili. Nikatuma. Mimi, wakala, ambaye juu ya kichwa changu kuna bango linalosema usitume pesa kwa usiyemjua! Hapo ndipo nilipojifunza kwamba utafiti wa kweli haukutozi hela ya kujiandikisha. Kwa kawaida ndio wanaokurudishia nauli. Na hapa kwetu jaribio la dawa lazima liwe na kibali cha maadili pamoja na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba uonyeshwe karatasi. Fomu ya ridhaa nayo huwa na namba ya kamati ya maadili, mahali pa kupeleka malalamiko. Anayekasirika ukiiulizia, mwache hapo hapo.

Lakini usije ukakimbia kila utafiti ukisema tunafanywa panya. Mwanza hii imeshaifundisha dunia. Utafiti wa vijijini kwetu uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Majuzi tu, wasichana 930 wa hapa walishiriki kupima kama dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha badala ya mbili au tatu. Kwa ET tu ndiyo njia ni ndefu: tafiti nilizoziona kwenye ClinicalTrials.gov, orodha ya tafiti iliyoko mtandaoni, nyingi ziko Marekani na Ulaya.

Mdogo wangu alijiunga na mmoja huko. Kila usiku simu. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa ametuandaa nacho ni kusimamishiwa dawa ya zamani kwanza, ili ile mpya ipimwe peke yake. Si kila utafiti unadai hivyo, ila huu ulidai. Propranololi haikatwi ghafla, moyo unaweza kukuadhibu. Walimpunguzia kidogo kidogo. Hata hivyo zilikuwa wiki mbaya. Alishindwa kunyoa ndevu, shemeji ndiye akamshikia kijiko cha supu. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: nitakaa bila dawa siku ngapi, na kazini nitafanyaje? Mimi nikikaa wiki tatu bila dawa nafunga kibanda.

Halafu ikaja kura. Kompyuta inapanga nani apate dawa, nani plasebo, kidonge kisicho na kitu ndani, na wala daktari hajui. Wiki ya kwanza kaka mtu napigiwa kwa furaha: "Kaka, nimejaza kikombe mpaka juu!" Utafiti ulipofungwa wakamwambia alikuwa kwenye plasebo. Nilicheka, akaninunia siku nne. Mikono hii inasikiliza usingizi, kahawa, hofu na matumaini, ndiyo maana bila kidonge kitupu cha kulinganishia huwezi kujua dawa imefanya nini.

Swali ninaloliona kubwa kuliko yote watu hawalifikii: dawa ikinifaa, siku utafiti ukiisha nitaendelea kuipata? Jibu liwe limeandikwa kwenye fomu, usikubali la mdomoni. Mwaka 2024 pekee dawa mbili za ET, SAGE-324 na suvecaltamide, zilishindwa kufikia lengo kwenye majaribio yao. Hapo ndani walikuwemo watu waliojiona wana nafuu, nina hakika.

Na usifiche unachotumia. Mizizi, bia, dawa ya presha ya mke wako uliyomeza siku moja, vyote vitaje. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, umekataliwa kwa usalama wako.

Juzi wamemwita tena mdogo wangu kwenye utafiti mwingine. Safari hii aliomba fomu alale nayo, akanisomea yote kwa simu, kurasa kumi na nane, tukibishana kila aya, na foleni ya akina mama wa dagaa imesimama dirishani. Ukurasa wa kumi na mbili mmoja wao akadakia: "Muulize, nauli wanalipa?"