Manifoldi Ikichemka, Geji Huenda Isikwambie

Asubuhi ile tulitoka Kilindoni, kisiwani Mafia, na wageni sita kwenda kuwatafuta papa potwe. Bahari ilikuwa shwari, geji ya joto imesimama kwenye nyuzi 80 kama siku zote, nami nimeshika sukani moyo umetulia. Kijana wangu aliyekaa shetri ndiye aliyeniita: "Nahodha, kuna kitu kinaungua huku, kinanuka kama kandambili." Nikainua mfuniko wa injini. Rangi ya elbo ya eksozi, ile kona ya bomba la moshi, ilikuwa imegeuka kahawia na kuanza kubambuka, na ule mpira mkubwa wa eksozi umelegea kama uliotiwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nikageuka kutazama geji. Bado 80.

Tulizima mashine, tukatia nanga, tukangoja mwenzetu aje kutuvuta. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku sikupata usingizi, maana nilijua mpira ule ungechanika, moshi wa eksozi na maji ya bahari vingemwagika ndani ya mashua, chini ya miguu ya watu walioniamini. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu huanza kuumwa kichwa na kulegea bila kujua kinachomsibu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuitegemea geji peke yake kwa habari za manifoldi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye elbo.

Sababu ni hii. Injini yangu ni dizeli ya silinda 4, yenye maji ya aina mbili. Maji safi yanazunguka ndani ya bloku na silinda hedi. Maji ya chumvi yanavutwa na pampu kutoka chini ya mashua, yanapita kwenye chujio, yanapoza yale maji safi, kisha yanaingia kwenye koti la manifoldi, yaani nafasi ya maji inayoizunguka, na mwisho yanamwagwa ndani ya eksozi pale kwenye elbo, yatoke nje pamoja na moshi. Sensa ya geji imefungwa kwenye hedi, upande wa maji safi. Kwa hiyo njia ya maji ya chumvi ikianza kuziba, wa kwanza kuteseka ni manifoldi na elbo, kwa sababu moshi unaopita humo injini ikifanya kazi nzito unafika hata nyuzi 400 au zaidi. Bloku ni chuma kizito chenye maji yake, nalo huchelewa kupanda joto. Injini nyingine manifoldi yake inapozwa na maji safi. Kabla ya kufuata ninayoyasema, fuatilia mipira ya injini yako kwa mkono ujue maji gani yanaingia wapi.

Kuna jambo jingine la geji ambalo wengi hawalijui. Sensa inapima sawasawa ikiwa imezama majini. Maji safi yakipungua mpaka sensa ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Ukiona geji imeshuka ghafla bila sababu, usifurahi.

Sasa namna ninavyokagua. Nilinunua kile kipimajoto cha mfano wa bastola. Angalia usije ukachukua kile cha kupimia paji la uso tulichokizoea wakati wa Uviko-19; kile kinasoma joto la mwili tu. Unataka cha mafundi, kinachofika nyuzi 300 na kuendelea. Kisha nikapaka madoa manne ya rangi nyeusi isiyong'aa, kila moja ukubwa wa sarafu: pale maji yanapoingia kwenye manifoldi, katikati, pale yanapotoka, na kwenye elbo baada ya maji kumwagwa. Yale madoa si urembo. Chuma kinachong'aa, hasa elbo ya chuma cha pua, hudanganya kipimajoto kikaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Na ukipima, sogea, umbali wa shubiri moja unatosha. Ukisimama mbali kinachukua joto la vitu vya pembeni pia.

Napima baada ya dakika 20 za mwendo wa kawaida, mizunguko 1,800 kwa dakika. Injini ikiwa safi, na bahari iko nyuzi 28, nasoma 44 kwenye doa la kwanza, 50 katikati, 55 la tatu na 46 kwenye elbo. Namba hizi ni za mashine yangu. Yako itakuwa na zake. La muhimu uzichukue siku ambayo kila kitu kiko sawa na uziandike mahali. Mimi nimeziandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mfuniko wa injini, hata kijana akiwa peke yake anaweza kulinganisha. Doa moja likipanda peke yake, kuna kitu kimeziba hapo au kabla ya hapo. Yakipanda yote kwa pamoja, maji ni machache: anza na koki ya kuingizia maji ya bahari, chujio, na impela, lile gurudumu la mpira lenye mapezi ndani ya pampu. Maji ya chumvi yakizidi nyuzi 60 hivi yanaanza kuacha magamba ndani ya njia, magamba yanapunguza maji, joto linazidi, na kila safari hali inakuwa mbaya kuliko ya jana.

Usipokuwa na kipimajoto, una mkono, jicho na sikio. Mpira wa eksozi baada ya elbo unapaswa kushikika bila kuuachia. Lakini usiguse kamwe sehemu ya elbo iliyo kabla ya maji kumwagwa, itakuchuna ngozi. Maji yanayotoka nyuma yanatoka kwa kutema, pwa, pwa, pwa. Yakipungua, mlio wa eksozi unakuwa mkavu na mkali. Moshi mweupe nao una tofauti: mvuke unapotea hewani mara moja, moshi wa dizeli isiyoungua unaning'inia juu ya maji na kunuka. Mimi pia hukinga ndoo ya lita 20 nyuma tukiwa tumefunga gatini, injini ikiwa mizunguko ileile kila mwezi, nahesabu sekunde mpaka ijae.

Tulipofungua elbo baada ya ile siku ya kandambili, tundu lililokuwa linaingia vidole vitatu lilibaki la kuingia kidole cha mwisho tu. Masizi na chumvi vimegandana, vigumu kama zege. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yetu yenyewe inachangia. Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hivi, tunakwenda polepole, tunasimama injini ikiunguruma bila mzigo, saa nzima, wageni wako majini na samaki. Ndivyo inavyotakiwa, samaki yule hapaswi kukimbizwa. Ila dizeli isiyobeba mzigo haiungui vizuri, na masizi yote yanakwenda kukaa kwenye elbo. Siku hizi tukirudi naipa injini robo saa ya mwendo wa nguvu, na elbo naifungua kila mwisho wa msimu, naikwangua kwa bisibisi na brashi ya waya.

Tukatoa na manifoldi. Kwenye mdomo wake, upande wa maji kuingia, tukakuta vipande viwili vya mpira mweusi. Miezi kadhaa nyuma fundi alinibadilishia impela iliyokatika, akaweka mpya, akanirudishia funguo. Sikumuuliza vipande vimekwenda wapi, na hilo ndilo linaloniuma. Impela ikikatika mapezi, hesabu yaliyobaki na uyatafute yaliyopotea mpaka uyapate yote. Hayayeyuki. Yanasafiri na maji mpaka yanakwama mahali pembamba.

Manifoldi ya chuma cha kalibu pia inaliwa na chumvi kutoka ndani. Ukuta kati ya maji na moshi ukitoboka, maji yanarudi kwenye silinda injini ikizimwa. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au mashine ikigoma kuzunguka asubuhi, usilazimishe stata. Manifoldi ikiwa umeifungua, ziba njia zake za maji, ijaze maji, iache usiku mzima juu ya karatasi kavu. Maji yakivuja upande wa moshi, nunua nyingine. Nimeona watu wakichomelea ukuta wa ndani, na nimeona wakirudi kuvutwa.

Ukikuta imechemka baharini, zima kama mahali ni salama, tia nanga, acha ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi, chuma cha kalibu cha moto kinapasuka. Usifungue mfuniko wa maji safi mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu. Kisha anza kwenye koki, mara nyingi ni mfuko wa plastiki tu umenyonywa pale chini.

Januari iliyopita tulivuka kutoka Nyamisati, maji ya mto Rufiji yakiwa mazito kwa tope. Nusu ya njia kijana akapima, akaniletea namba: 45, 51, 71, 47. Doa la tatu lilitakiwa kuwa 55. Geji ilikuwa 80. Tukapunguza mwendo, tukafika Kilindoni salama, na tulipotoa kifuniko cha mwisho cha manifoldi tukachota tope lililoshikana na magamba, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa. Tuliisafisha kwa maji ya kisima, tukaweka gasketi mpya, na alfajiri ya siku ya pili tukapima tena kabla ya abiria kupanda: 44, 50, 55, 46.